Uliponiuliza Kuhusu Pumzi za Albina

Kijiji cha Ujamaa Mpui,
Kupitia Ofisi ya Kijiji,
S.L.P. Sumbawanga.
16 Oktoba, 1977.

Mpendwa mdogo wangu Zenon,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga kwenye mkonge. Natumaini mwili wako u mzima, na kwamba ile homa iliyokushika mwezi wa nane imekuachia kabisa. Barua yako ya tarehe ishirini Septemba nilikabidhiwa Jumapili iliyopita tulipotoka misani. Haikuwa na salamu. Sikulaumu. Mimi nitakusalimu tu, maana mama alitulea hivyo, kwamba hata mtu uliyekosana naye huulizwa kwanza ameamkaje. Umeamkaje, mdogo wangu? Unakula? Unapata usingizi?

Sisi huku tupo. Mama ni mzima, isipokuwa magoti yake. Baridi imekwisha, sasa ni vumbi na upepo, watu wanachoma majani mashambani wakingojea mvua. Ulezi wetu ulitoka magunia manne. Mahindi hayakuwa mengi, maana mavuno yalitukuta kwenye mambo unayoyajua.

Umeniandikia kurasa mbili, nami nimezisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unasema nilijua kwamba mkeo ana ugonjwa wa moyo, nikanyamaza. Unasema nisikuite ndugu mpaka nikueleze kwa nini. Nadhani ni Oswaldi aliyekuambia, kwa kuwa alikuwa hapa likizoni siku za matanga, akasikia watu wanavyosema kabla hajarudi huko kazini kwenu. Alichokuambia ni kweli. Lakini hakujua yote, na sehemu asiyoijua ndiyo inayoniuma zaidi. Leo nakuandikia yote. Sivunji siri ya mtu kwa kukuandikia, kwa sababu mwenye siri mwenyewe alinipa ruhusa. Utaona ilivyokuwa.

Ilianza mwezi Machi mwaka jana. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Polikarp, aliitisha mkutano, akasema wilayani wanataka kila kijiji kitoe watu wawili wanaojua kusoma na kuandika, wakafundishwe mjini Sumbawanga namna ya kulinda mioyo ya watu, hasa ya watoto. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Hakuna posho, ila chakula wakati wa mafunzo. Wanaume wakatazama chini. Mmoja akauliza moyo unalindwaje na wenyewe uko ndani ya kifua, na watu wakacheka.

Margareth hakucheka. Unamkumbuka Margareth jirani yetu, na yule binti yake aliyevimba miguu akafa akiwa na miaka kumi na mmoja. Wakati ule watu walisema amerogwa, na nyumba mbili hazisalimiani mpaka leo kwa ajili hiyo. Margareth akasimama akasema, "Mimi sijui kusoma. Ningejua, ningekwenda mimi." Kicheko kikaishia hapo. Aliyenyoosha mkono kwanza, Zenon, ni mkeo. Alisema, "Niandikeni mimi Albina." Mimi nilinyoosha baada yake, nisimwache wifi yangu akalale ugenini peke yake. Kwa hiyo usidhani mtu yeyote alimsukuma.

Mafunzo yalikuwa wiki tatu. Tulikuwa watu thelathini kutoka vijiji vya huku juu, tukilala kwenye bweni moja, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Aliyetufundisha ni Bwana Anyitike, mganga msaidizi, mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye subira kuliko walimu wote niliowahi kuwaona. Alichora moyo ubaoni kama nyumba yenye vyumba vinne na milango inayofunguka upande mmoja tu. Akatueleza kwamba mtoto akiumwa koo, koo lisipotibiwa, ugonjwa unaweza kushuka kwenye viungo, leo goti hili, kesho kiwiko kile. Viungo vitapona vyenyewe, mama atafurahi, kumbe ugonjwa umeingia kwenye milango ya moyo, na unaikaza kidogo kidogo kwa miaka mingi. Alisema moyo ukishafika hapo huku kwetu hakuna wa kuutengeneza, lakini koo la mtoto tunaweza kulitibu kwa sindano. Ndiyo maana wanatutaka sisi, kwa kuwa sisi tunakaa na watoto, na mganga yuko mjini.

Tulijifunza kumgeuza mtoto aangalie jua na kumkandamiza ulimi kwa kijiko. Tulijifunza kuhesabu mapigo kwa saa, na kubonyeza mguu kwa kidole gumba tuone kama shimo linabaki. Tulijifunza kumtambua mtu anayelala amekaa kwa kukosa pumzi. Tena kila asubuhi alitusimamisha tuseme kwa sauti moja: ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ukiingia nyumba ya mtu kwa kazi hii, ulichokikuta humo hukitoi nje. Tulikuwa tunaitika kama watoto wa katekisimu.

Alhamisi ya wiki ya pili Bwana Anyitike alituletea kile kipimo cha kusikilizia moyo, chenye mipira ya kutia masikioni. Alisema hatutapewa cha kwenda nacho, ila tusikie angalau mara moja kile tunachokwenda kukilinda. Wanawake tukaingia nyuma ya pazia, tukasikilizana kwa zamu. Albina alinisikiliza mimi kwanza, akatabasamu, akasema, "Wifi, kumbe ndani una watu wanatwanga." Kisha nikamsikiliza yeye.

Sikujua kitu, Zenon. Lakini nilikuwa nimeshasikia mioyo mitatu asubuhi hiyo, na wa Albina haukufanana nayo. Katikati ya pigo na pigo palikuwa na mngurumo, kama lori linalopanda mlima mbali. Nilidhani nimeweka vibaya. Nikasogeza. Ukawa vile vile. Nami kwa ujinga wangu nikaita kwa sauti, mbele ya wote, "Bwana Mganga, hebu njoo, wa huyu haufanani na wa wenzake."

Alikuja, akasikiliza muda mrefu. Akatoa mipira masikioni akasema, "Vizuri, mmesikia vizuri, aje mwingine." Lakini baada ya chakula cha mchana alituita sisi wawili chini ya ukuta wa jiko, akamwuliza Albina kama alipokuwa mtoto aliwahi kuvimba magoti. Mkeo akafikiri. Akasema ndiyo, alipokuwa darasa la tano, alikaa nyumbani mwezi mzima, bibi yake akamkanda kwa majivu ya moto, akapona.

"Na sasa ukipanda kilima?"

"Nachoka. Nadhani ni mwili wangu tu."

Bwana Anyitike akamweleza wazi. Mlango mmoja wa moyo wake umekuwa mwembamba. Achomwe sindano ya penisilini kila mwezi bila kukosa, asibebe mizigo mizito. Na kuhusu mtoto akasema, "Mama, usibebe mimba sasa. Nitaandika barua Dar es Salaam, wakuone waganga wakubwa kwanza. Mimba ni mzigo ambao hutautua njiani." Akasema pia mumewe aje, naye aelezwe. Albina akamjibu kwamba mumewe yuko Tanga.

Siku tuliyorudi, lori la mahindi lilitushusha barabarani, tukawa tunatembea kwenda nyumbani. Ndipo aliponiambia nisimwambie mtu. Nilimwuliza, hata Zenon?

"Hasa Zenon. Wifi, miaka minne sijazaa. Wakijua mganga amenikataza, mama atamtafutia mwingine kabla mvua haijanyesha."

"Zenon si mtu wa hivyo."

"Labda. Lakini hayuko hapa."

Nikamwahidi. Niliahidi kama wifi, na niliahidi kama mtu niliyefundishwa kwamba ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Sikuona wakati ule kwamba nimefunga mafundo mawili kwa kamba moja.

Usidhani sikujaribu. Mwezi Mei nilikuandikia barua, kurasa mbili kama hizi zako. Nilimwonyesha kabla ya kuituma, kwa sababu sikutaka kumzunguka. Aliisoma akiwa jikoni, akaikunja, akaitia motoni, akaendelea kukoroga maharage. Akasema siku atakapokuwa tayari atakuandikia mwenyewe. Nikamwacha.

Napenda ujue alivyofanya kazi ile, maana wewe hukuiona. Watoto walikuwa wanatukimbia, hasa sisi wenye vijiko. Yeye alikuwa anamketisha mtoto, anamwambia alie kama ng'ombe wa Mzee Polikarp, na mtoto akipanua mdomo kulia, Albina ameshaona. Siku ya sindano, mwuguzi wa zahanati alipokuja na sanduku lake, watoto walianza kulia hata kabla ya kuona sindano. Albina akakaa kwenye kiti wa kwanza, akachomwa mbele yao, akainuka anacheka. Mwezi uliofuata tena hivyo hivyo, na mwezi mwingine. Kijiji kizima kilimsifu kwa kuwatoa watoto hofu. Ni mimi na mwuguzi tu tuliojua kwamba ile ilikuwa dawa yake.

Flavian, mtoto wa mwisho wa Margareth, ni Albina aliyemwona. Koo lilikuwa limejaa usaha na goti moja lina moto. Margareth alitaka kusubiri mpaka Jumatatu, kwa kuwa kulikuwa na kazi ya shamba la kijiji. Akamwambia hakuna kusubiri, akaenda naye zahanati siku ile ile. Mtoto yule leo anakimbia, na Bwana Anyitike amemsikiliza kifua akasema ni kizima.

Lakini nyumbani hakukuwa kuzuri. Kwa kuwa ameacha kubeba mizigo, watu waliona. Mama alisema mbele ya wageni, "Huyu mke wa Zenon ameolewa au amekuja kupumzika?" Nilikuwa nimekaa pale pale nikichambua ulezi. Albina alinitazama mara moja tu, kisha akatazama kazi yake. Nami nikanyamaza. Maji nilikuwa nachota mara mbili, ndoo yangu na yake, namkuta njiani namtwika akikaribia nyumba. Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka mzima, mdogo wangu, kwa kuibia.

Sasa nafika mahali pagumu.

Ulikuja likizo Desemba. Ulimletea kitenge chenye maua mekundu, ulimletea mama blanketi. Siku ya pili baada ya Noeli tulikwenda wote kupalilia shamba la bondeni, na jioni tukawa tunarudi kwa ule mwinuko wa shuleni. Wewe na mimi tulitangulia. Albina alikuwa nyuma, anasimama kila hatua chache, anajifanya anachuma mboga. Wewe ukageuka ukaniuliza, "Dada, huyu mbona anatweta hivyo? Ana nini?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukuambia, kamwulize. Nilikujibu, "Ni mafua tu. Mvua zimetunyeshea." Nilisema haraka, hata sikufikiri. Wewe uliniamini kwa kuwa mimi ndimi dada yako na mimi ndimi niliyesomea mambo hayo. Ukashuka ukampokea jembe lake, mkapanda pamoja, unamwambia mwaka ujao mambo yakikaa vizuri utamchukua mwende Tanga.

Kwa hiyo, Zenon, si kweli kwamba nilinyamaza. Ningekuwa nimenyamaza, ningekuwa na la kujitetea. Uliniuliza nikakudanganya. Oswaldi hakulijua hilo. Nakuambia mimi.

Mwezi Machi akaniambia hajaona siku zake tangu ulipoondoka. Nilikasirika. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba anajiua, kwamba ananitia mimi katika damu yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Wifi, nimetazama watoto themanini kooni. Wote nimewarudishia mama zao. Nataka mmoja ambaye simrudishi kwa mtu." Tukalia wote wawili.

Tulikwenda kwa Bwana Anyitike. Hakumgombeza. Alivua miwani akaifuta, akasema tutapita njia iliyopo. Alitaka aje alazwe mjini tangu mwezi wa sita, apumzike kitandani chini ya macho yao. Ile barua ya Dar es Salaam jibu lake lilikuwa bado halijaja, na sasa hata likija hawezi kusafiri. Albina alikubali. Lakini mwezi wa sita ulipofika akasema ngoja watoto wachomwe kwanza, kisha akasema ngoja ulezi uingie ndani. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kumweleza mama kwa nini mwanamke mwenye mimba ya kawaida akalale hospitali miezi mitatu.

Baridi ya Julai ndiyo iliyomshika. Hakuweza tena kulala chali, alikuwa anaegemea magunia ya ulezi na kukoroma kifuani. Miguu ilivimba. Nilibonyeza kwa kidole kama nilivyofundishwa, na shimo likabaki. Sikuomba tena ruhusa yake. Nilitoka nje, nikamkuta mama anaanua mahindi, nikamwambia yote tangu Alhamisi ile ya mafunzo.

Mama aliketi pale pale chini. Nilidhani atanipiga. Alichosema ni kimoja tu: "Nami nimemwita mvivu." Kisha akainuka akaingia ndani. Sijui waliambiana nini. Lori lilipopatikana, ni mama aliyepanda naye nyuma, akaweka mgongo wake uwe egemeo la Albina, na hakubadili kukaa hivyo mpaka mjini. Magoti yake hayajawa mazuri tangu siku ile. Nakuomba hili ulijue kuhusu mama, kwa maana katika barua yako umemtaja vibaya.

Hospitali walimtunza vizuri, hatuna la kulalamika. Wiki tano alikaa. Pumzi zilipungua zikarudi, zikapungua zikarudi. Kwa nini hatukukupigia simu wakati ule? Yeye ndiye aliyesema usubiri, usiache kazi bure, mtoto akizaliwa utakuja kufurahi. Kwa mara nyingine nikakubali.

Mtoto alizaliwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita Agosti, kabla ya wakati wake. Kujifungua kwenyewe hakukuwa kugumu. Baada ya hapo ndipo moyo ulipozidiwa, maji yakajaa mapafuni. Jumamosi alasiri alipata nafuu kidogo, akataka nimwinue. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Alisema polepole, maneno machache machache, kama mtu anayepanda ngazi.

"Sasa mwandikie. Yote. Mwambie nilijua, asije akadhani mlinificha mimi."

Nikamwambia nitafanya hivyo.

"Siku ile kwenye mwinuko. Nilimsikia alipokuuliza. Nilikuwa nimeshakata shauri, akinifikia nimwambie mwenyewe. Wewe ukawahi kujibu."

Alisema bila kunilaumu. Alinishika hata mkono. Angelaumu ningeweza kubeba. Baadaye akaomba uji, akanywa vijiko viwili. Jumapili asubuhi, kabla kengele ya misa ya kwanza haijapigwa, akatutoka. Tulikuwepo mimi na mama, na Bwana Anyitike alikuwa amekuja amevaa nguo za kanisani.

Simu tuliipeleka posta Jumatatu ile. Umesema ilikufikia tarehe nne. Tulimzika Jumanne tarehe thelathini, hatukuweza kungoja. Margareth ndiye aliyemwosha. Wakati wa kumpeleka, watoto wa sindano walikuja wote na mama zao, hakuna aliyewaita. Mzee Polikarp alitaka kusema maneno kwa niaba ya kijiji, akashindwa katikati, akakaa.

Umeniandikia kwamba niirudishe ile kazi, kwa kuwa sistahili kuingia nyumba za watu. Nami nilifikiri hivyo hivyo kabla yako. Baada ya arobaini nilipeleka mkoba, saa na daftari kwa Mwenyekiti nikaviweka mezani. Bwana Anyitike akasikia, akaja mwenyewe mpaka Mpui kwa pikipiki. Sikumwambia alichoniambia Albina. Nilimwambia lile la mafua. Akasema kosa ni lake pia, alitufundisha kufunga mdomo, hakutufundisha la kusema mtu akiuliza. Sikukubali kwamba ni lake. Lakini alinitaka nisaidie kufundisha kundi jipya, watu wa vijiji vya upande wa Laela, nami nimeitika.

Nitawafundisha kijiko na jua na kidole gumba. Nitakapofika kwenye siri nitawaambia ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hilo silibadilishi. Bali mumewe akikuuliza, au mama yake, au mtoto wake, usitunge uongo. Sema: kamwulize mwenyewe. Ni maneno mawili. Mimi nilisoma wiki tatu nikarudi sina hayo mawili.

Katika kurasa zako zote, mdogo wangu, hukuuliza habari za mtoto. Nadhani hukuweza. Nitakuambia bila kuulizwa. Ni wa kike. Alizaliwa mdogo, anatosha kwenye mikono miwili ya mama, na sista mmoja alimbatiza siku ile ile kwa hofu, akamwita Fransiska. Sasa anakunywa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwa kijiko, na tangu wiki jana analia kwa nguvu mpaka majirani wanasikia. Analala kifuani kwa mama ndani ya lile blanketi. Jina la nyumbani hana bado. Shangazi zako walitaka kumpa, mama akawakatalia, akasema mtoto huyu baba yake yu hai, wamngojee.

Basi njoo. Omba ruhusa kazini, njoo umwone. Kama kinachokuzuia ni kunikuta mimi, nimelifikiria hilo. Mafunzo ya Laela yanaanza Jumatatu tarehe saba Novemba mpaka Jumamosi tarehe ishirini na sita, na wiki zote hizo sitakuwepo nyumbani. Nyumba itakuwa yako na mama na mtoto. Basi la kutoka Tunduma husimama Laela watu wanunue chakula, lakini usiwe na wasiwasi, sitakuja pale kusimama nikuangalie madirishani. Shuka Mpui kwa amani, mtoe mtoto nje, mpe jina. Ukitaka kuondoka kabla sijarudi, ondoka, sitakuandikia neno la lawama. Na tarehe ishirini na saba ukiwa bado upo, nitapiga hodi kama mgeni, nisubiri uniambie karibu.

Mama anakusalimu, anasema magoti yasikutie wasiwasi. Margareth anakusalimu pamoja na Flavian. Mzee Polikarp anakusalimu, anasema kiwanja chako cha nyumba hakijaguswa na mtu. Msalimie Oswaldi, mwambie sina kinyongo naye, alisema alichokisikia.

Mungu akushike mkono wakati wa kulala na wakati wa kuamka, akuvushe njia yote kutoka Tanga mpaka huku kwenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,

Luciana.